Mmea Unaopima Mchana: Begonia Chotara ya Kiazi na Malezi Yake Karibu na Ikweta

Begonia chotara ya kiazi, ambayo wataalamu wa mimea huiita Begonia × tuberhybrida, ina sifa mbili zinazogongana. Wanaoipenda husema hakuna mmea wa chunguni unaoishinda kwa ukubwa wa maua na wingi wa rangi: nyeupe, manjano, machungwa, waridi, hadi nyekundu iliyokolea. Wanaoilaumu husema haina shukrani. Hununuliwa ikiwa imechanua, ikapamba sebule miezi miwili au mitatu, kisha majani yakageuka manjano, shina likalegea penye viungo na kuanguka, na chungu kikabaki na udongo mtupu. Mwenye nyumba huamini kwamba mmea umekufa, akaumwaga udongo pamoja na kilichomo ndani yake. Kilichomo ni kiazi kizima, kigumu, chenye uwezo wa kuchipua tena na kuishi miaka mingi. Swali la uchambuzi huu ni kama mmea huo unaweza kulelewa kwa kudumu katika nyumba za Afrika Mashariki, au ni pambo la msimu mmoja tu kwetu. Hoja yangu ni kwamba unaweza, ila maelekezo mengi yanayosambaa yaliandikwa kwa nchi ambazo mchana wa majira ya joto hufika muda wa saa 16, nayo hayakueleza sababu ya yanayoyaagiza. Mmea huu hupima urefu wa mchana, na kwa kipimo hicho huamua kuchanua au kulala. Anayetaka kuulea hapa hana budi kusimamia mambo matatu: muda wa mwanga, ubaridi wa usiku, na pumziko la kiazi. Mengine yote ni nyongeza.

Tuanze na asili yake, kwa kuwa tabia zake zote zimetoka huko. Wazazi wa chotara huyu ni begonia za porini za milima ya Andes, hasa Bolivia na Peru. Katika miaka ya 1860 kampuni ya miche ya James Veitch & Sons ya Chelsea, London, ilimtuma Richard Pearce kwenda Amerika Kusini kutafuta mimea mipya. Aliyoipeleka Uingereza ndiyo iliyoanzisha ukoo mzima: Begonia boliviensis yenye maua marefu mekundu yanayoning'inia, Begonia pearcei iliyoleta rangi ya manjano, na Begonia veitchii ya nyanda za juu sana karibu na Cuzco, fupi na yenye petali pana za mviringo. Pearce alifariki Panama mwaka 1868, hakuwahi kuona matunda ya kazi yake. Mwaka 1870 John Seden, mfanyakazi wa Veitch, alitoa chotara wa kwanza wa kuuzwa, akaitwa Begonia × sedenii. Muda mfupi baadaye Victor Lemoine wa Nancy, Ufaransa, akatoa maua ya petali nyingi. Tangu hapo watia chavua wa Ulaya waliongeza upana wa ua hata likazidi sentimita 15, wakaongeza rangi, wakanyoosha shina. Ubelgiji ikawa nchi ya mashamba makubwa ya viazi hivi, na zulia la maua lililoanza kutandikwa kwenye uwanja mkuu wa Brussels mwaka 1971 limetengenezwa kwa miaka mingi hasa kwa begonia hizo. Katika kazi hiyo yote, kitu kimoja hakikuguswa: desturi ya mmea kulala. Hapakuwa na sababu ya kuigusa. Baridi ya Ulaya ingeuangusha mmea vyovyote iwavyo, kwa hiyo pumziko lake lilionekana kuwa jambo la kawaida la majira.

Lakini kiazi hiki hakikuumbwa kwa ajili ya theluji. Tukitazame kwa karibu. Ni kitu cha kahawia, kimebonyea kidogo upande mmoja na kuvimba upande wa pili, kina vinywele vya mizizi iliyokauka, na katika bonde lake huonekana vidoti vya waridi ambavyo ndivyo macho ya machipukizi. Hakifanani na kiazi mviringo, ambacho huzaliwa upya kila msimu kwenye ncha za matawi ya chini ya ardhi. Kiazi cha begonia ni kitako cha shina lenyewe, kinachoanza kuvimba mche ukiwa mchanga na kuongezeka unene mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana hakiongezeki idadi: mkulima akichimba chungu chake hukuta kiazi kilekile alichokipanda, ila kimenenepa. Kazi yake ni kuhifadhi maji na chakula wakati wa ukame. Katika milima ya Bolivia mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi, na kuanzia Mei hadi Septemba hukauka. Mmea unaoota kwenye ufa wa jabali, penye kiganja kimoja cha udongo, hauwezi kusubiri ukame uufikie ndipo ujiandae. Unahitaji ishara inayotangulia, na ishara isiyodanganya ni kufupika kwa mchana. Kwenye latitudo ya nyuzi 17 kusini mchana wa Desemba hukaribia saa 13 na dakika 8, na ule wa Juni hushuka hadi saa 11 na dakika 7 hivi. Tofauti hiyo ya saa mbili inautosha mmea kujua kwamba mvua inaaga.

Kuna shahidi mwingine kutoka milima hiyohiyo, tena tunayemjua vizuri. Viazi mviringo vya asili vya Andes navyo huanza kutunga mchana unapofupika. Vilipofikishwa Ulaya katika karne ya 16, ilibidi wakulima wachague kizazi baada ya kizazi hadi wakapata aina zinazotunga viazi katika mchana mrefu wa majira ya joto, maana zile za asili zilichelewa mno na kukutwa na baridi. Kwa viazi mviringo kiazi ndicho mavuno, kwa hiyo wakulima walilazimika kuibadili tabia hiyo. Kwa begonia mavuno ni ua, kwa hiyo tabia ya kale iliachwa kama ilivyokuwa. Wakuzaji wa kwanza hawakuijua hata kwa jina. Ni mwaka 1920 ndipo Garner na Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walipochapisha ushahidi kwamba mimea hupima urefu wa mchana na usiku, wakitumia tumbaku na soya. Wakati huo begonia chotara zilikuwa zimetimiza nusu karne sokoni, na kanuni za kuzilea zilikwisha kuandikwa kwa majina ya miezi: amsha Machi, toa nje Juni, kausha Oktoba. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mchana mrefu huufanya mmea huu uendelee kukua na kuchanua, na mchana mfupi huusukuma kuacha kukua na kujaza kiazi. Mpaka uko kati ya saa 12 na 14 za mwanga, kutegemea aina. Ratiba ya miezi ilifaa London, ambako mchana wa Juni hupita saa 16 na nusu na ule wa Desemba haufiki saa 8. Iliyoifanya ifae ni urefu wa mchana. Majina ya miezi yalikuwa njia ya mkato tu.

Sasa tuulete mpaka huo kwetu. Nairobi mchana mrefu kuliko yote mwakani na mfupi kuliko yote vinatofautiana kwa dakika 9 hivi, na vyote vinaizunguka saa 12 na dakika 7. Dar es Salaam tofauti ni kama dakika 47, Mbeya ni kama saa moja. Maana yake ni kwamba begonia iliyoachwa kwenye baraza karibu na ikweta huishi mwaka mzima ikiwa imesimama ukingoni, upande wa kulala. Ikinunuliwa kutoka banda lililowashwa taa, huja na maua iliyoyaandaa huko, hukaa nayo kwa muda, kisha hufuata amri ya mchana mfupi. Kufifia kwake hakumaanishi kwamba mlezi amekosea kumwagilia. Hapa pia ndipo penye maelezo ya jambo linalowatatanisha wengi: mmea wa aina ileile huendelea kuchanua katika nyumba moja na kuporomoka katika nyumba ya jirani. Kwa mtazamo wangu, mara nyingi kinachozitofautisha nyumba hizo ni taa ya sebuleni. Mmea uliowekwa karibu na taa inayowaka kuanzia magharibi hadi saa nne usiku umeongezewa mchana wa saa tatu na zaidi, na kwa kipimo chake unaishi katika majira ya joto ya Ulaya. Ule wa kwenye korido yenye giza hauna ziada hiyo.

Wapo watakaopinga kwamba mwanga wa taa ya nyumbani ni hafifu mno kulisha mmea. Ni kweli, hauulishi. Lakini mwanga hufanya kazi mbili tofauti ndani ya jani. Ya kwanza ni kutengeneza chakula, na hiyo inadai mwanga mkali wa mchana. Ya pili ni kutoa taarifa ya muda, na hiyo hutosheka na mwanga mdogo, mradi uwe karibu na ufike kila siku bila kukatika. Kwa sababu hiyo mashamba ya krisanthemamu katika ukanda wetu huwasha taa za kawaida usiku juu ya mimea mama, ili idhani mchana ni mrefu isichanue kabla ya vipandikizi kukatwa. Krisanthemamu huchanua mchana ukiwa mfupi na begonia ya kiazi hulala mchana ukiwa mfupi, lakini zote mbili husadiki taa. Kwa mwenye mmea mmoja dirishani, balbu ndogo ya LED iliyoning'inizwa nusu mita juu ya majani, ikawashwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa nne usiku, inatosha, na umeme wake ni mdogo mno. La muhimu ni utaratibu. Ikiwashwa leo na kusahauliwa kesho, mmea hupewa taarifa zinazopingana.

Ubaridi ndio sharti la pili, na hapa ukweli usemwe waziwazi. Mmea uliotoka kwenye mwinuko wa mita 3,000 hauzoei usiku wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Hupenda usiku wa nyuzi 13 hadi 18 za selsiasi na mchana usiozidi nyuzi 25 kwa mbali. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 23, kama ilivyo pwani katika miezi ya kaskazi, hutumia usiku chakula ulichotengeneza mchana, vitumba hudondoka kabla ya kufunguka, na kiazi huoza kwa urahisi. Mahali pake kwetu ni nyanda za juu: Limuru na Nyeri, Lushoto, Arusha upande wa mlimani, Mbeya, Njombe, Kabale, Bukavu. Kati ya hizo, Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina bahati ya pekee. Mvua zake huanza Novemba na kuisha Aprili, ukame hufuata Mei hadi Oktoba, na mchana wake mrefu huangukia Desemba. Ni kalenda ya Bolivia, ikiwa na tofauti ndogo tu ya urefu wa mchana. Mkazi wa Mbeya au Njombe anapaswa kuviamsha viazi vyake Septemba, kinyume kabisa cha maelekezo ya Ulaya, na kuviacha vilale Mei. Nairobi na Lushoto zina misimu miwili ya mvua, na mchana usiobadilika kwa kiasi cha kuhisiwa. Huko taa ndiyo itakayoamua majira, na mlezi ana uhuru wa kuchagua mwezi wa kuanza.

Kwa mkazi wa pwani kuna chotara mwingine wa ukoo huu anayestahili kutajwa, kwa kuwa mmoja wa wazazi wake ni wa bahari yetu. Mwaka 1880 mtaalamu wa mimea wa Scotland, Isaac Bayley Balfour, alikusanya Begonia socotrana katika kisiwa cha Sokotra. Mmea huo umejipanga kwa pepo zilezile zilizoendesha majahazi kati ya Arabuni na Waswahili: hukua na kuchanua katika miezi ya kaskazi yenye mvua kisiwani humo, na kusi inapovuma kwa ukali na ukavu hunywea hadi kwenye vitunguu vidogo vilivyojificha udongoni. Mwaka 1883 John Heal wa kampuni ya Veitch alitoa chotara kati yake na begonia za kiazi za Andes, na kutokana na njia hiyo zikaja begonia zinazoitwa Begonia × hiemalis, ambazo Mjerumani Otto Rieger aliziboresha sana katika miaka ya 1950. Hizi huchanua mchana ukiwa mfupi, kwa hiyo urefu wa mchana wa ikweta unazifaa bila taa yoyote. Lakini zina gharama yake: zimepoteza kiazi cha kuhifadhiwa, hivyo huendelezwa kwa vipandikizi, na joto kali bado huzipunguzia maua. Kisa hiki kinathibitisha hoja kuu. Mzazi mmoja aliyeongezwa kutoka mahali penye majira mengine alitosha kugeuza amri ya mchana ndani ya mmea mzima. Asili ndiyo inayoeleza malezi.

Tukirudi kwa begonia ya kiazi, malezi yenyewe yanafuata mantiki hiyohiyo hatua kwa hatua. Kiazi huamshwa kwa kulazwa juu ya mchanganyiko wenye unyevu kiasi, bonde likitazama juu, bila kufukiwa na bila maji kumwagwa ndani ya bonde, kwa kuwa hapo ndipo uozo unapoanzia. Kwenye joto la nyuzi 18 hadi 21 macho huchipua katika wiki chache, ndipo kiazi hufunikwa kwa udongo wa sentimita mbili hivi. Chungu kiwe kidogo kwanza, kipana kuliko kiazi kwa vidole viwili kila upande, kisha kiongezwe mizizi inapokijaza. Udongo unaofaa ni mwepesi na unaopitisha maji haraka: mboji iliyoiva vizuri, chenga za makumbi ya nazi zilizooshwa chumvi, na mchanga mnene wa mtoni au vipande vya mawe mepesi ya volkano. Udongo mzito wa shamba, hata ukiwa na rutuba, huganda ndani ya chungu na kukibana kiazi. Machipukizi yabaki moja hadi matatu. Yanayoondolewa yanaweza kupandwa kama vipandikizi, na yapandwe mapema, kusudi yapate muda wa kujitengenezea kiazi kabla ya kulala. Kipandikizi kilichochelewa hunyauka mwisho wa msimu bila kuacha kitu. Dirisha la mashariki ni zuri, kwa jua la asubuhi. Jua la saa sita huunguza majani. Mbolea iwe nyepesi, yenye potasiamu zaidi kuliko naitrojeni, kwa sababu naitrojeni ikizidi hukuza majani mapana na mashina yanayovunjika.

Ua nalo lina somo lake. Mmea mmoja hubeba maua ya kiume na ya kike, na kwa kawaida hutoka matatu kwenye kikonyo kimoja: katikati kubwa la kiume, pembeni mawili madogo ya kike. Ukiligeuza ua la kike utaona nyuma ya petali ovari yenye mabawa matatu. La kiume halina mabawa, na katika aina za petali nyingi uzuri wake umetokana na stameni zilizogeuka kuwa petali. Hivyo ua linalosifiwa zaidi ndilo lenye chavua kidogo kuliko yote, na mbegu zake, zilizo ndogo kama vumbi na zinazohitaji mwanga ili ziote, hazirudii sura ya mzazi. Wanaotaka ua kubwa huyachuma maua ya kike mapema ili nguvu iende katikati. Anayefurahia wingi huyaacha. Maji yamwagwe asubuhi, kwenye udongo, baada ya sehemu ya juu kukauka. Hewa izunguke kati ya majani, kwa maana hewa iliyotuama huleta ubwiri unga, ule utando mweupe unaoanza kwa madoa na kumaliza jani zima. Jani lenye doa la kwanza liondolewe siku hiyohiyo. Na ingawa tunasema kiazi, hakiliwi: kina chembe za oksalati zinazochoma mdomo, na ni sumu kwa paka na mbwa, kwa hiyo kisiachwe sakafuni.

Pumziko ndilo sharti la tatu, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Mmea ukishachanua miezi minne hadi sita, mlezi mwenyewe anapaswa kuuambia basi. Taa ya jioni izimwe au chungu kihamishiwe chumba kisichowashwa usiku, mbolea ikomeshwe, maji yapunguzwe kidogo kidogo. Katika wiki hizo majani yanapogeuka manjano ndipo kiazi kinapojazwa, kwa hiyo kukata shina lingali bichi ni kukinyang'anya akiba yake. Liachwe lidondoke lenyewe, na kovu likauke. Kisha kiazi kitolewe, kipanguswe udongo, kifukiwe katika vumbi kavu la mbao au mchanga mkavu, kiwekwe mahali penye giza na ubaridi, nyuzi 8 hadi 15 zikipatikana. Kila mwezi kibonyezwe kwa kidole: kikiwa kigumu ni kizima, kikinywea kinyunyiziwe matone, kikiwa laini na chenye maji sehemu iliyooza ikatwe mara moja. Baada ya miezi miwili hadi minne macho ya waridi yatatokeza yenyewe. Hapo ndipo maji na taa virudi.

Zipo pingamizi tatu zinazostahili jibu. Ya kwanza inasema kwamba sababu ya kufa kwa mimea hii ni ubovu wa viazi vinavyoletwa kutoka nje, na habari ya mchana ni nadharia tu. Ni kweli kwamba kiazi kilichokaa muda mrefu dukani hudhoofika, na kilichobebwa kwenye joto huoza. Lakini kiazi kibovu hakichipui, au huchipua kwa unyonge tangu mwanzo. Malalamiko tunayoyasikia ni ya mimea iliyochanua vizuri kisha ikanyauka kwa mpangilio, kuanzia majani ya chini, shina likiachana na kiazi bila uozo. Huo ni mwenendo wa mmea unaolala. Pingamizi ya pili huuliza kwa nini ulazwe hali hatuna baridi wala theluji, na taa inaweza kuwashwa mwaka mzima. Inawezekana kwa muda, lakini mchana mrefu usiokoma huzuia kiazi kunenepa. Shina huzeeka, maua hupungua, na siku uozo ukiingia hakuna akiba ya kuanzia upya. Kulaza mmea kunagharimu miezi mitatu ya chungu kitupu na kunaununulia miaka ya uhai. Hesabu hiyo iko upande wa pumziko.

Pingamizi ya tatu ni nzito zaidi: kwa nini tuhangaike na mmea wa Andes uliotengenezwa London, ilhali Afrika Mashariki ina mimea yake ya viazi? Zamioculcas zamiifolia, inayotoka Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, sasa iko katika ofisi za dunia nzima na huvumilia giza na kiu. Begonia sutherlandii, yenye kiazi na maua ya rangi ya machungwa, huota porini kutoka Afrika Kusini hadi Tanzania. Nakubaliana na roho ya pingamizi hii kuliko inavyodhaniwa. Lakini elimu ya mmea mmoja ndiyo inayofungua wa pili. Anayejua kulaza begonia ya Andes anajua pia kwa nini Begonia sutherlandii hunyauka baada ya mvua, na hataitupa. Na watia chavua wa Ulaya walifanya kazi ndogo sana na begonia zetu. Zipo chotara chache, kama Begonia × weltoniensis ya karne ya 19, iliyotokana na Begonia dregei ya Afrika Kusini na hiyohiyo sutherlandii. Ukiona jinsi mmea mmoja wa Sokotra ulivyougeuza ukoo wote, ni haki kuuliza begonia zilizozoea milima yetu na mchana wetu zingeweza kufanya nini mikononi mwa mtu aliye hapa. Kutia chavua begonia hakuhitaji maabara. Kunahitaji brashi ndogo, uvumilivu, na kumbukumbu zilizoandikwa.

Ninachodai, basi, ni mabadiliko katika namna tunavyoandika na kupokeana maelekezo ya mimea. Lebo inayosema panda Machi haina maana Njombe, na Nairobi haina maana hata kidogo. Lebo inayosema mwanga wa saa 14 au zaidi wakati wa kukua, usiku chini ya nyuzi 18, kiazi kikauke miezi mitatu, inasomeka popote duniani. Wauzaji wa miche wangeweza kuandika mistari mitatu ya namna hiyo kwenye kila chungu, na wangepunguza hasara ya wateja wao kwa gharama ya karatasi. Wakulima wa maua ya nyumbani katika nyanda za juu wangeweza kuandika tarehe za kuamsha na kulaza, saa za taa na joto la usiku, kisha wakalinganisha Limuru na Mbeya, Lushoto na Bukavu, hadi ipatikane kalenda iliyotokana na mchana wetu wenyewe. Na kabla ya hayo yote kuna hatua ambayo kila mwenye chungu kilichobaki na udongo mtupu anaweza kuichukua leo: atie mkono ndani ya udongo huo kabla ya kuumwaga, na akikuta kiazi kigumu, akihifadhi.